Kuhama na domeini yako bila kupigwa: mwongozo kamili kwa wenye websaiti Arusha na Moshi

Mwezi wa tano mwaka jana mama mmoja wa Moshi, ana kikampuni chake cha kupandisha wageni mlimani, alinipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za watoto akauliza, "Mwanangu, hivi hii kodi ya i-pi-pi inalipwa TRA au inalipwa wapi?"

Sikumwelewa. Nikamwambia anitumie hiyo karatasi WhatsApp. Ikaja picha ya ankara imepigwa juu ya meza, pembeni inaonekana nusu ya kikombe cha chai, na mistari mitatu: kulipia domeini (lile jina la websaiti, kama fulani.com) mwaka mmoja 95,000, ada ya kuhamisha domeini 180,000, EPP code 120,000. Jumla 395,000. Na mama alichotaka ni kitu kimoja tu, kuitoa websaiti yake kwa jamaa aliyemtengenezea miaka minne nyuma ampe mtoto wa dada yake aliyemaliza chuo. Jamaa akamwambia hamna shida mama ila kuna gharama. Sasa yeye kwenye hiyo "code" akasoma kodi, na kodi nchi hii nani anabishana nayo, akawa ameshatoa hela kwenye kibubu anasubiri tu kuambiwa alipie benki gani.

Hamna kodi hapo. EPP code ni namba ya siri ya kuruhusu domeini ihamie kampuni nyingine, maherufi na matarakimu yamechanganywa, inakaa kwenye akaunti ya domeini na inatoka kwa kubonyeza mara moja. Haina bei. Kumuuzia mtu hiyo namba laki na ishirini ni sawa na mwenye nyumba akutoze hela ya kukufungulia geti siku unahama na makochi yako mwenyewe.

Nafanya hizi kazi Arusha mwaka wa tisa, wateja wangu wengi ni kampuni ndogo za utalii, hosteli, na vijishirika vya wazungu na wabongo vya Njiro na Sakina, na huu mchezo naukuta karibu kila msimu, hasa mwezi wa nne na wa tano watu wanapojiandaa na wageni wa Juni. Kwa hiyo naandika yote hapa mara moja ili nisiwe naelezea kwa simu. Naanza na .com, .org na .net maana sheria zake ni moja, .tz ntaiweka chini kwa sababu ile ina mwenyewe.

(Najua vitabuni wanaita kikoa. Mtaani tunasema domeini, na mimi ntasema domeini.)

Hela yako inaenda kwa nani

Fikiria ndizi za Mbuyuni. Kuna mwenye shamba, kuna anayechukua kwa jumla, kuna mama wa genge. Domeini iko hivohivo. Mwenye daftari kuu anaitwa rejistri: .com na .net ni Verisign ya Marekani, .org ni shirika linaitwa Public Interest Registry. Hao hawakuuzii wewe. Wanamuuzia msajili, ndo kina GoDaddy, Namecheap, Cloudflare na wengine wengi. Afu chini ya msajili kuna wakala, ndo huyu jamaa yako wa Kijenge au wa Double Road aliyekutengenezea websaiti, yeye ana akaunti kwa msajili ananunua kule anakuuzia wewe. Juu ya wote kuna ICANN, shirika lililoanzishwa 1998, lenyewe haliuzi kitu, linatunga sheria na wasajili wamesaini mkataba nalo.

Sasa bei. Verisign wanamuuzia msajili .com kwa bei inayojulikana na kila mtu, sio siri. Ilikuwa dola 7.85 kwa miaka mingi, 2021 ikaenda 8.39, 2022 ikawa 8.97, 2023 ikawa 9.59, Septemba 2024 ikawa 10.26. Mkataba unawaruhusu kupandisha mpaka asilimia 7 kwa mwaka, kwa miaka minne kati ya sita, na kama unavoona hawakuacha ata mmoja. Juu yake kuna senti 20 za ICANN, zilikuwa 18 mpaka katikati ya 2025. Kwa hiyo jumla ya dola 10.46. Tuchukue dola kwa shilingi 2,600, hiyo ni kama 27,200. Weka VAT asilimia 18 unapata 32,000 na kidogo.

Kwa hiyo wakala akikuuzia .com kwa elfu 40 au 45 mi sioni tatizo, jamaa anapokea M-Pesa, anapokea simu yako saa tatu usiku, anakukumbusha kulipa, hiyo ni kazi. Elfu 95 ndo naanza kuuliza maswali, ila bado ni biashara, hakukushikia bunduki. Tatizo langu sio bei ya kuingia, ni bei ya kutoka. Bei ya kuingia uliiona ukakubali, ya kutoka unaambiwa siku umeshafungiwa ndani.

Na shika hili kabla hatujaenda mbele maana ndo kiini cha yote: ukihamisha .com kutoka msajili mmoja kwenda mwingine, unamlipa YULE MPYA tu, na hela unayolipa ni ya mwaka mmoja unaoongezwa juu ya siku zako zilizobaki. Yani kama domeini inaisha Septemba mwaka huu ukahama leo, itaisha Septemba mwaka kesho. Hela ya kuhama na hela ya kulipia mwaka ni hela moja. Mtu akikuandikia zote mbili kwenye ankara moja, umeshajua.

Hatua ya kwanza, soma daftari

Ingia lookup.icann.org, andika domeini yako bila www, bonyeza. Bure. Utaona mambo mengi ila angalia haya.

Registrar, hapo ndo jina la msajili halisi. Mama yule alikuwa anaamini domeini yake "iko kwa" jamaa. Tulivyoangalia tukakuta iko kwa msajili mkubwa wa nje, jamaa ni wakala tu. Hii ni nguvu kubwa sana mkononi mwako, kwa sababu msajili anawajibika kwa ICANN ata kwa yanayofanywa na mawakala wake, na wewe unaweza kumruka wakala ukaandika kwa msajili moja kwa moja.

Expiry date, tarehe ya kuisha. Iandike mahali, sio kichwani.

Domain status. Ukiona clientTransferProhibited usishtuke, hilo ni kufuli la kawaida la kuzuia wezi, linafunguliwa kwenye akaunti. Ukiona redemptionPeriod hapo una dharura, nenda hatua ya tatu haraka. Ukiona pendingDelete, pole, zimebaki siku tano jina liachiwe na huwezi kulikomboa tena.

Jina la mwenye domeini mara nyingi limefichwa tangu 2018, Ulaya walileta sheria ya faragha. Kama limeachwa wazi soma vizuri limeandikwa nani.

Hatua ya pili, ujue domeini imeandikwa jina la nani

Hapa ndo wengi tunaliwa na ntakaa kidogo.

Wakala akinunua domeini anajaza fomu: jina la mwenyewe, kampuni, imeili, simu. Mwaminifu anajaza zako. Mvivu anajaza zake kwa sababu ziko tayari kwenye akaunti. Mwenye njama anajaza zake makusudi. Kwa macho ya ICANN mwenye domeini ni yule aliyeandikwa pale, sio aliyelipa, sio mwenye leseni ya utalii ya TALA, sio mwenye bango barabarani. Hiyo inauma ila ndo ilivo.

Kwa hiyo muulize wakala wako kwa maandishi, leo, mkiwa bado mnaelewana: "Kaka naomba picha ya skrini ya ukurasa wa mawasiliano ya domeini yangu, nataka kuona jina na imeili zilizoandikwa." Kwa maandishi nimesema, sio kwa simu. Akituma na ni zako, safi. Ikiwa ni zake muombe abadilishe aweke zako, na fanya hivi MUDA MREFU kabla ya kutaka kuhama, kwa sababu kuna mtego ambao mimi mwenyewe ulinikamata.

Mtego ni huu. Ukibadilisha jina la mwenyewe, au kampuni, au imeili ya mwenyewe, sheria inaruhusu domeini ifungwe siku 60 isihamishwe kwa msajili mwingine. Kuna wasajili wanakupa kiboksi cha kutiki kukataa hilo kufuli, LAKINI unatiki kabla ya kubadilisha, sio baada. Mwaka wangu wa pili kwenye hii kazi nilikuwa nahamisha domeini ya hosteli moja ya huku Arusha, nikaona imeili ni ya zamani, nikasema ngoja nisafishe kwanza. Nikasafisha. Siku 60, mwezi wa sita, hosteli imejaa wageni na mwenye nayo kila asubuhi ananitumia alama ya kuuliza, bila neno lingine. Mpaka leo siko tayari kuizungumzia sana.

Kama wakala amejiandika yeye na anakataa kubadilisha, kusanya ushahidi wako: cheti cha BRELA cha jina la biashara, TIN, risiti za M-Pesa ulizomlipia domeini, meseji aliposema "nimekununulia domeini yako", kadi zako zenye lile jina. Kuna njia ya usuluhishi inaitwa UDRP, ipo tangu 1999, ila ile ni kwa mwenye alama ya biashara dhidi ya mtu aliyechukua jina kwa nia mbaya, na WIPO, shirika la kimataifa la hakimiliki linalosikiliza hizo kesi, ada yao inaanzia dola 1,500. Hiyo ni karibu milioni nne. Kwa kikampuni cha wageni kumi kwa mwezi, mwanasheria wa Arusha na barua yake moja ya demand notisi itakutoka nafuu, na mara nyingi inatosha kumfanya mtu akumbuke paswedi.

Hatua ya tatu, kalenda

Tarehe zinaua kuliko bei. Domeini mpya haihami siku 60 za kwanza. Iliyotoka kuhama haihami tena siku 60. Na kama umelipia mwaka kwa msajili wa zamani baada ya domeini kuisha, usihamishe ndani ya siku 45 tangu ilipoisha, kwa sababu ule mwaka unafutwa kwenye daftari, unabaki na mmoja tu wa msajili mpya, na kurudishiwa hela yako na wa zamani ni bahati na sibu.

Mi hupenda kuanza mwezi na nusu kabla ya kuisha. Ukianza wiki ya mwisho wakala mbaya anachofanya ni kukaa kimya tu, hajibu, hapokei, afu ikiisha anakupa bei mpya.

Maana ikiisha mambo huenda hivi kwa .com: kwanza kuna kipindi ambacho msajili anaweza kukupa ulipie kwa bei ya kawaida, kinaweza kufika siku 45 ila inategemea msajili, wengine wanakata mapema. Websaiti inaweza kuzimwa kipindi hicho. Afu kinakuja kipindi cha ukombozi, siku 30, hapo rejistri yenyewe inamtoza msajili dola 40 kukurudishia na msajili anaweka yake juu, unaweza kuambiwa dola 80, 100, na zaidi. Afu siku tano za kufutwa. Afu jina linaokotwa na yeyote, na majina yenye maneno kama kilimanjaro au safari hayamalizi dakika hewani.

Msajili analazimika kukutumia kumbusho karibu mwezi mmoja kabla, tena karibu wiki moja kabla, na lingine ndani ya siku tano baada ya kuisha. Na analazimika kuweka wazi bei ya kulipia tena na bei ya kukomboa. Kama hujawahi kuona hizo imeili, basi zinaenda kwa mtu mwingine. Rudi hatua ya pili.

Hatua ya nne, nakili DNS kabla hujagusa kitu

Kuhamisha domeini peke yake hakuzimi websaiti. Kinachozima ni wakala akikasirika akafuta mafaili yake, au DNS (ile orodha inayoelekeza jina lako kwenye websaiti na imeili zako) ilikuwa inakaa kwake na akaifunga siku umeondoka. Websaiti ikizima ni aibu, ila imeili ikizima ni hela, mgeni wa Ujerumani ametuma maswali ya Machame siku saba, hajajibiwa, anaenda kwa mwingine na wewe hujui ata kama aliandika.

Kwa hiyo omba au piga picha orodha yote ya DNS: A ya websaiti, MX za imeili, TXT zote ata zile ndefu huzielewi, CNAME. Kama una paswedi ya cPanel, ule ukurasa wa kuendeshea websaiti, pakua bakapu nzima ya websaiti na imeili, weka kwenye flashi na mahali pengine pawili. Fanya hili kabla hujamwambia mtu yeyote unahama. Sio kwamba watu wote ni wabaya, ni kwamba hujui wa kwako yuko kundi gani mpaka siku hiyo.

Hatua ya tano, labda ata huhitaji kuhama

Hii wengi hawaijui na mawakala hawapendi uijue. Kama daftari limeonyesha domeini iko kwa msajili fulani, wewe fungua akaunti yako bure kwa msajili huyohuyo, afu mwambie wakala aisukume kutoka akaunti yake kuja yako. Wenyewe wanaita push. Kwa wasajili wengi ni bure, inachukua dakika chache, hakuna mwaka wa kulipia, hakuna EPP, na kwa vile haijatoka kwa msajili, kufuli la kuhama siku 60 halikuzuii. Ikishafika kwako umemaliza, unabaki pale au unahama baadaye taratibu kwa muda wako.

Na mpe wakala kitu cha kuokoa uso. Huyu mnakutana Clock Tower kila wiki, watoto wenu labda wako shule moja. Mimi huwa nawaambia wateja wampe jamaa elfu 20 ya usumbufu waachane vizuri, ila iitwe hivyo, ya usumbufu, sio "transfer fee".

Hatua ya sita, omba kufuli na namba

Kama push imeshindikana, tuma hii. Kwa imeili, nakala WhatsApp:

"Habari za kazi kaka. Naomba ufungue kufuli la domeini yangu na unitumie EPP code kwenye imeili hii. Kwa utaratibu wa ICANN natakiwa kuipata ndani ya siku tano kuanzia leo. Kama kuna deni la kazi nyingine niandikie ankara yake peke yake tuzungumze. Asante, na samahani kwa usumbufu."

Hiyo sentensi ya deni usiiache. Sheria inasema msajili hawezi kukunyima hiyo namba kisa tu mnabishana malipo. Sababu ya hela inayokubalika kuzuia uhamisho ni moja, ada ya domeini yenyewe haijalipwa, iwe ya kipindi kilichopita au ya kipindi cha sasa kama bado haijaisha. Deni la hosti, deni la kutengeneza websaiti, deni la logo, hayo ni madai ya kawaida kati yenu, anaweza kukushtaki akitaka, ila hashikilii domeini kama rehani.

Ukiipata namba, inakili vizuri. Kuna zenye sifuri na O, kuna zenye nukta mwishoni, mtu anaandika kwa mkono kwenye daftari afu anashangaa imekataa. Nakili na kubandika tu. Na usimtumie mtu mwingine yeyote maana hiyo ndo ufunguo wa nyumba.

Hatua ya saba, nenda kwa mpya

Fungua akaunti kwa msajili mpya kwa imeili ambayo HAIPO kwenye domeini hiyohiyo, tumia Gmail ya kawaida, maana domeini ikileta shida na imeili yako iko humo ndani umejifungia funguo ndani ya gari. Bandika namba, lipa. Kadi ya benki inafanya, kadi ya mtandaoni ya M-Pesa nayo inafanya sehemu nyingi.

Kuchagua msajili: usiangalie bei kubwa iliyoandikwa kwa rangi nyekundu, hiyo ni ya mwaka wa kwanza. Tafuta bei ya kulipia tena na bei ya kuhamia. Cloudflare tangu 2018 wanauza kwa bei ya jumla bila kuongeza kitu, ila wanakulazimisha utumie DNS zao, kwa watu wengi hiyo sio shida. Na kuwa makini na viishio vipya, .online, .store na ndugu zao, wanakupa mwaka wa kwanza kwa dola moja afu wa pili unakuja mara ishirini au thelathini ya hapo. Kwenye viishio hivyo kuna na majina wanayaita premium, ambayo mengine ni ghali KILA mwaka, sio siku ya kununua tu. Soma kabla.

Ukishalipa, msajili wa zamani anatuma imeili kuuliza kama ni kweli unahama. Asipopata jibu kwa siku tano inapita yenyewe. Kama kuna kitufe cha kukubali bonyeza, inaisha haraka zaidi. Ndani ya hizo siku usibadilishe kitu.

Akikaa kimya au akikataa

Siku tano zimepita hamna namba. Andika kwa msajili halisi, yule uliyemwona kwenye daftari, ambatisha ile imeili yako yenye tarehe, sema wewe ndo mwenye domeini na wakala wake hajatoa namba. Wasajili wakubwa wengi wanajibu, wanaweza kukuomba kitambulisho au cheti cha biashara. Kwa yule mama wa Moshi hapa ndo palimaliza mchezo, kwa bahati nzuri jina kwenye domeini lilikuwa lake, jamaa alikuwa mkweli siku ya kwanza na tamaa ikamjia baadaye. Msajili akamjibu siku ya pili, na jioni yake jamaa mwenyewe akatuma namba bila salamu.

Msajili naye akikuzungusha, peleka malalamiko ICANN kwenye tovuti yao, sehemu ya compliance, fomu ya transfer. Ni bure. Andika Kiingereza kifupi chenye tarehe, ambatisha picha, usiandike hadithi ya maisha. Ila elewa kitu kimoja, ICANN hawaangalii bei. Hawatakusaidia kwa sababu ulitozwa elfu 95 badala ya 40, wanasaidia kwa sababu ulinyimwa namba au uhamisho ulizuiwa bila sababu. Kwa hiyo andika hilo.

Na kama wakala wa hapa nchini anakuandikia bei kwa dola, mkumbushe kwamba tangu Machi 2025 kanuni zimekataza kutaja na kudai bei za ndani kwa fedha za kigeni. Akuandikie shilingi.

.tz

Yote niliyosema kuhusu ICANN na siku tano hayagusi .co.tz, .or.tz, .hotel.tz na wenzake. Hizi ziko chini ya TCRA, sheria ni za hapa. Faida yake ni kwamba mwenye daftari yuko Tanzania, unaweza kumfikia. Kwenye karibu.tz unaangalia jina lako na unaona orodha ya wasajili wenye kibali. Piga simu kwa watatu uliza maswali mawili tu, kulipia mwaka ni shilingi ngapi pamoja na VAT, na nikitaka kuhama kwenda kwa mwingine mnatoza nini. Waandike majibu kwa imeili. Anayesita swali la pili umeshapata jibu lake.

Wakikunyima, anza na malalamiko ya maandishi kwa msajili mwenyewe, ukishindwa nenda TCRA, wana ofisi ya Kanda ya Kaskazini hapahapa Arusha, na lipo pia baraza la watumiaji, TCRA-CCC. Nenda na karatasi, sio na hasira.

Kwa vijishirika vyenye .org

Neno moja tu. Mwaka 2019 ICANN waliondoa kikomo cha bei ya .org, ambacho mwanzo hakikuruhusu kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, na mwezi wa kumi na moja mwaka huohuo rejistri yake ikatangazwa inauzwa kwa kampuni ya wawekezaji kwa dola bilioni 1 na zaidi. Kelele zikawa nyingi, ICANN wakakataa uuzaji Aprili 2020, ila kikomo hakikurudi. Kwa hiyo fanya hivi: rejistri ikitaka kupandisha bei inalazimika kuwataarifu wasajili miezi sita kabla, na domeini inaweza kulipiwa mpaka miaka 10 mbele. Ukisikia tangazo, lipia miaka kadhaa kwa bei ya zamani. Hii inafanya kazi na .com pia, na kwa mkataba wa sasa Verisign wanaruhusiwa kuanza kupandisha tena kuanzia mwishoni mwa 2026.

Ukishafika

Rudisha kufuli. Weka malipo ya kujiendesha yenyewe na kadi yenye hela. Weka uthibitisho wa hatua mbili kwenye akaunti. Angalia MX zako mojamoja na ile picha uliyopiga, afu jitumie imeili kutoka nje na uijibu. Afu jiandae na barua za matapeli, zitakuja, zile za "domeini yako inaisha lipa hapa" kutoka kwa watu usiowajua, au "kuna kampuni China inataka kusajili jina lako tunakuonya". Anayekudai ni msajili wako tu, ambaye sasa unamjua kwa jina.

Yule mama tulimaliza Jumatano moja jioni, alilipa kama dola 10 na nusu kwa kadi ya mtandaoni, mtoto wa dada yake ndo alibonyeza. Kesho yake asubuhi simu ikalia.

"Mwanangu, nimeangalia pale kwenye daftari. Imeongezeka mwaka. Ni sawa?"

Ni sawa mama.

"Na ile kodi?"